Skripti ya Ruguru

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ruguru alikata majani ya ng'ombe nyuma ya nyumba yao, akayabeba hadi zizini, kisha akaingia jikoni kunywa chai karibu na moto. Mwezi wa Julai Embu huwa na baridi ya manyunyu. Ukungu huteremka kutoka mlimani ukajaa kwenye bonde la mto Rupingazi, na ukisimama mlangoni huoni hata mti wa jirani. Mama yake, aliyekuwa mshonaji wa sare za shule pale mjini, alizoea kumtilia kipande cha nduma moto, yaani jimbi la kuchemsha, katika mfuko wa sweta ili ale njiani na kupasha vidole joto.

Kwenye njia panda, rafiki yake Alice alikuwa akimngoja. Alice alikuwa ametoka Siakago, kwenye nchi kavu ya Mbeere, mwaka uliotangulia. Mama yake alipofariki, mama yake mdogo aliyeitwa Ednah alimchukua aje kuishi naye Embu. Alikuwa msichana mpole, asiyesema mengi. Ruguru, ambaye hakuishiwa na maneno, alisema ya wote wawili.

"Leo ni siku ya kompyuta," Ruguru alisema asubuhi moja ya Ijumaa, akimmegea Alice nduma. "Mwalimu Ireri amesema atatufundisha skripti."

"Mimi nataka tu kumaliza hadithi yangu," Alice alijibu.

Shule yao ilikuwa na chumba kidogo mwishoni mwa madarasa, ambacho zamani kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Chuo kimoja cha mjini kilipopata kompyuta mpya, kiliwapa zile kuukuu, na Mwalimu Ireri akaziweka humo. Zilikuwa nzito, zenye rangi ya maziwa yaliyokaa siku nyingi, na zilivuma kama mzinga wa nyuki. Mwalimu alizitilia mfumo ulioitwa Linux, ambao rafiki yake wa Nairobi alimpa bila malipo. Hazikuwa na picha wala rangi. Skrini ilikuwa nyeusi, na ndani yake kulikuwa na mstari mmoja mweupe ulioumeta ukingoja uandike amri.

Wanafunzi wengi wa darasa la saba waliona kitu hicho hakina raha. Ruguru alikipenda tangu siku ya kwanza. Ukiandika "ls", mashine inakuonyesha faili zote zilizomo. Ukiandika "cat" na jina la faili, inakusomea yaliyoandikwa ndani. Ukiandika "mv", inaihamisha faili au kuibadilisha jina. Kwake ilikuwa kama kupata mtumishi mtiifu asiyechoka.

Siku hiyo Mwalimu Ireri alisimama mbele yao, chaki mkononi. Alikuwa kijana mrefu mwenye sauti ya chini.

"Tuseme mama yako amekuachia vyombo vingi vya kuosha," alianza. "Je, atakaa pale akikuambia, osha sahani hii, sasa osha ile, sasa osha kikombe?"

"Hapana, Mwalimu," wakajibu.

"Atakwambiaje?"

"Nioshe vyote," alisema Runji, mvulana aliyependa kuketi karibu na dirisha.

"Barabara. Atasema mara moja tu: kwa kila chombo, osha, kausha, weka kabatini. Skripti ni hivyo hivyo. Unaandika amri zako ndani ya faili moja, kisha unaiambia mashine izifuate zote kutoka juu hadi chini. Na ukitaka irudie kazi ile ile kwa kila faili, unatumia neno hili." Akaandika "for" ubaoni. "Maana yake ni 'kwa kila'. Kazi inaanza penye 'do' na kuishia penye 'done'."

Ruguru aliandika mfano wa kwanza kwenye mashine yake, akauendesha. Majina ya faili za mazoezi yakateremka kwenye skrini moja baada ya jingine, yote yakitanguliwa na neno "Habari". Alicheka peke yake kwa furaha.

Sasa, shule ilikuwa ikijiandaa kwa Siku ya Wazazi. Wanachama kumi wa chama cha kompyuta walikuwa wameandika kila mmoja hadithi yenye kichwa "Mtu Nisiyemsahau". Mwalimu Ireri angezichapisha kwa printa na kuzishona pamoja ziwe kitabu kidogo, ambacho wazazi wangesomewa. Mwalimu Mkuu, Bi. Cicily, hakuwa na imani sana na mashine hizo. Alikuwa amesema kwamba kitabu kikitoka vizuri, chumba kitaendelea kuwa cha kompyuta. Kisipotoka, madawati yatarudi mahali pake.

Alice alichelewa kuanza kuandika. Wiki nyingi alisema hana la kuandika. Kisha siku moja aliketi, akaanza kugonga herufi kwa kidole kimoja, na tangu hapo hakuacha. Alikuwa akiandika habari za mama yake. Mtu akimkaribia, alifunika skrini kwa mikono miwili. Ijumaa hiyo aliandika sentensi ya mwisho, akapumua.

Hadithi zote zilikuwa katika folda moja, lakini kila mtoto alikuwa ameipa faili yake jina lake mwenyewe: alice, bundi, kathuri, na kadhalika. Mwalimu alitaka majina yote yaanze kwa neno "hadithi" ili yapangike vizuri wakati wa kuchapisha.

"Jumatano tutafanya hivyo pamoja kwa skripti," alisema. "Hadi siku hiyo, mtu asiguse folda ya hadithi. Mazoezi yafanyieni kwenye folda ya mazoezi." Punde si punde akaitwa ofisini, akatoka, na wanafunzi wakaenda uwanjani kucheza.

Ruguru alibaki peke yake mbele ya mashine. Aliutazama ule mstari mweupe ukiumeta. Aliwaza jinsi Mwalimu angerudi na kukuta kazi imekwisha. Angeuliza ni nani aliyefanya, na darasa zima lingemgeukia. Vidole vyake vikaanza kuandika:

for f in *.txt
do
mv $f hadithi.txt
done

Kwa kila faili, ibadilishe jina iwe hadithi. Ilimjia akilini kwamba mashine yenyewe ingejua kuzitofautisha. Akahifadhi skripti yake, akaiita "panga", akaingia kwenye folda ya hadithi na kuiendesha.

Mashine ilinguruma kidogo, kisha ikanyamaza. Haikumwonya wala kumuuliza lolote. Ruguru aliandika "ls" aone kazi yake.

Palikuwa na faili moja tu.

Akaandika tena. Faili moja. Akaifungua kwa "cat", akakuta ni hadithi ya Runji kuhusu babu yake aliyekuwa dereva wa lori la kwenda Isiolo. Ndipo alipoelewa. Mashine ilikuwa imechukua hadithi ya kwanza ikaipa jina "hadithi". Ikachukua ya pili, ikaipa jina lile lile, na ya pili ikaifuta ya kwanza. Ya tatu ikaifuta ya pili. Hivyo hivyo hadi mwisho wa majina, ikabaki ya Runji peke yake. Hata yake mwenyewe Ruguru, aliyoiandika kuhusu mkunga wa mtaa wao, haikuwepo.

Alisikia sauti za wenzake uwanjani na hatua za mtu kwenye varanda. Akaifuta skripti yake, akazima skrini, akatoka nje na kujiunga na mchezo wa kuruka kamba. Aliruka vibaya, akatolewa mara moja.

Jumatano ilipofika, Mwalimu Ireri aliingia darasani akiwa na disketi ya kuhifadhia nakala mkononi. Hakuandika kitu ubaoni. Aliwaomba wakae.

"Nina habari isiyo nzuri," alisema. "Hadithi zenu zimepotea kwenye kompyuta, isipokuwa ya Runji. Mashine hii ni kuukuu, na nadhani diski yake imeanza kuharibika. Lakini kosa ni langu mimi. Mwalimu mzuri angenakili kazi yenu kila juma. Mimi nilinakili mara moja tu, katikati ya muhula. Kwenye disketi hii nimezipata hadithi nyingi, ingawa miisho haipo. Naomba mnisamehe."

Hakuna aliyewahi kumwona mwalimu akiomba msamaha. Wanafunzi walitazama chini.

"Na yangu?" aliuliza Alice.

Mwalimu aliigeuza disketi mkononi. "Yako ulikuwa hujaianza wakati ule, Alice. Haimo. Uliiandika kwenye karatasi kwanza?"

Alice alitikisa kichwa. Alikaa hivyo hivyo hadi kengele ikalia, kisha akaenda nyuma ya madarasa, akalia akiwa ameegemea ukuta. Ruguru alimfuata. Hakujua la kusema, yeye ambaye hakuishiwa na maneno. Alimshika mkono, akakaa naye mpaka machozi yalipokauka.

Walipokuwa wakirudi, walimsikia Bi. Cicily akizungumza na Mwalimu Ireri penye mlango wa ofisi. "Sikulaumu, Mwalimu," alisema kwa upole. "Lakini mashine inayomeza kazi ya watoto itatufaa nini? Muhula ujao turudishe madawati."

"Sawa, Mwalimu Mkuu," alijibu Mwalimu Ireri.

Jioni hiyo Ruguru alikataa kula. Mama yake alikuwa amepika mukimo wa mahindi mabichi na viazi vilivyopondwa, chakula ambacho Ruguru hakukikataa hata akiwa na homa. Mama alimgusa paji la uso, akaona si mgonjwa. Akaketi kwenye kigoda karibu naye, akachukua sare aliyokuwa akiishona, akaanza kutia vifungo bila kuuliza kitu. Baada ya kitambo Ruguru akaanza kulia.

"Mama, nimefanya jambo baya, na mtu mwingine amelibeba."

"Niambie pole pole," mama alisema.

Ruguru akamweleza yote. Mama hakuwa amewahi kugusa kompyuta, kwa hiyo alimkatiza mara kwa mara aelewe. Alipofika mahali pa Mwalimu kuomba msamaha, mama aliweka sindano chini.

"Kwa nini hukusema siku ile ile?"

"Niliogopa. Kisha nikaona hata yangu imepotea, nikajiambia hakuna atakayenidhania mimi."

Mama alimvuta karibu, akamfunika kwa kanga yake. Hakumkaripia, na Ruguru alilia zaidi kwa sababu hakukaripiwa.

"Nani ameumia kuliko wote?" mama aliuliza.

"Alice."

"Basi anza kwake. Kesho ukitoka shule nitakusindikiza hadi kwa Ednah, lakini maneno utayasema mwenyewe. Na Ijumaa umwambie mwalimu. Usingoje akuulize."

"Alice akikataa kunisamehe?"

"Anaweza kukataa, mwanangu. Huendi kuchukua msamaha. Unaenda kumpa ukweli, kwa maana ni wake na wewe umeuficha."

Siku iliyofuata walimkuta Alice nyuma ya nyumba akichambua mbaazi kwenye ungo. Mama alisalimiana na Ednah, wakaingia ndani kunywa chai. Ruguru alibaki amesimama mbele ya rafiki yake.

"Alice, si mashine iliyopoteza hadithi yako. Ni mimi."

Alice aliendelea kuchambua. "Unasema nini?"

"Niliandika skripti Ijumaa, Mwalimu alipotoka. Nilitaka kubadilisha majina kabla yake ili anisifu. Hadithi zikafutana. Nikaifuta skripti ili mtu asijue."

Vidole vya Alice vikasimama. "Kwa hiyo jana nilipokuwa nikilia ukanishika mkono, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Kuku alipita akadonoa mbaazi zilizoanguka. Alice hakumfukuza.

"Nilikuwa nimeanza kumsahau," Alice alisema hatimaye, sauti yake ikiwa ya chini sana. "Si uso wake, maana picha ninayo. Nilikuwa nasahau alivyosema na alivyotembea. Nikaandika kila nilichokumbuka, ili hata nikisahau kiwe mahali. Sasa hakiko." Akafuta macho kwa kiganja. "Na wewe ukanishika mkono. Hilo ndilo linaloniuma, Ruguru. Nenda nyumbani."

Ruguru akaenda. Mama alimkuta kwenye lango, wakatembea, mama ameweka mkono begani mwake.

Ijumaa asubuhi Alice hakuwa kwenye njia panda. Ruguru alienda shule peke yake, akamtafuta Mwalimu Ireri kabla ya gwaride, akamkuta akifuta vumbi kwenye kompyuta. Alimwambia kila kitu akiwa amesimama wima, mikono nyuma, kama mtu anayekariri shairi. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, kisha akavuta kiti, akaketi.

"Diski si mbovu, basi," alisema, kama anayejiambia mwenyewe. "Ulimwambia Alice?"

"Ndiyo, Mwalimu. Alinifukuza."

"Ana haki." Mwalimu akainuka. "Twende kwa Mwalimu Mkuu. Utamwambia jinsi ulivyoniambia."

Bi. Cicily alivua miwani alipokuwa akimsikiliza. Ruguru alisema pia kwamba mashine hazina kosa, na kwamba Mwalimu Ireri hana kosa, na kwamba yeye yuko tayari kuondolewa katika chama, mradi chumba kisifungwe.

"Mwalimu wako alikubali lawama isiyokuwa yake," Bi. Cicily alisema. "Ulimwona akifanya hivyo?"

"Ndiyo, Mwalimu. Nilikuwa nimeketi mbele yake."

"Ulijisikiaje?"

"Nilitamani sakafu inimeze."

Bi. Cicily akavaa miwani tena. "Chumba hakitafungwa," alisema. "Na wewe hutaondolewa, maana ukiondolewa nani atatengeneza ulichoharibu? Kila wakati wa mapumziko utaingia mle, umwite mwenzako mmoja mmoja, umwombe msamaha, kisha umsaidie kuandika mwisho wa hadithi yake upya. Hakuna kuruka kamba mpaka umalize."

Ndivyo ilivyokuwa. Bundi alimfokea. Kathuri alisema amesahau mwisho wa hadithi yake, akaketi akatunga mwingine. Runji, ambaye hadithi yake ilisalimika, alikuja tu kuwachekesha. Yote hayo Ruguru aliyapokea. Mambo yaliyomshinda kuyazoea ni kiti kitupu kando yake darasani, kwa maana Alice aliomba kuhamia dawati la nyuma, na njia panda isiyokuwa na mtu asubuhi.

Siku chache baadaye, Ruguru akiwa peke yake chumbani, mlango ulifunguka. Alice alisimama pale akiwa amekunja mikono ndani ya sweta.

"Unaandika za wenzako," alisema.

"Ndiyo. Imebaki yako." Ruguru alisita. "Sikuthubutu kukuita."

"Siwezi kuandika tena. Nimejaribu kwenye daftari. Yale maneno hayarudi."

"Usiandike. Niambie tu habari zake kama unavyozikumbuka leo. Nitaandika pole pole. Ukitaka ninyamaze, nitanyamaza."

Alice alifikiri, kisha akavuta kiti, lakini akakigeuza kitazame dirishani badala ya skrini. Ruguru hakumharakisha. Kisha Alice akaanza.

Alisema kwamba mama yake alilima ndengu na mtama kule Siakago, na kwamba mvua ilipokosa alisema shamba limelala tu, litaamka. Alisema alikuwa mrefu, na alipotembea mbele yake kwenda mtoni alipunguza hatua bila kugeuka, kwa kuwa alijua mtoto yuko nyuma. Alisema alikuwa akiongea na mbuzi kama watu. Ruguru aliandika. Mashine ilivuma. Mara Alice akakunja uso kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Alikuwa akipiga mluzi," alisema. "Watu walimwambia mwanamke hapigi mluzi, akawajibu mbuzi wake hawajasikia habari hiyo. Jioni alisimama penye mlango wa boma akapiga, na mbuzi wote wakaja."

"Alipigaje?"

Alice alikaza midomo. Mara ya kwanza ulitoka upepo mtupu. Mara ya pili sauti ikatoka, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Alice alijifunika uso. Ruguru aliondoa vidole kwenye kibodi na kungoja. Alijua kwamba hakuna herufi za kuandika sauti ile, kwa hiyo Alice alipokuwa tayari, aliandika tu kwamba ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, na mbuzi wakaja.

Walipomaliza, Alice alimwomba amsomee yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mluzi haukuwemo kwenye ile ya kwanza," alisema. "Nilikuwa nimeusahau." Kisha akageuza kiti. "Inakili. Nikiona."

Ruguru alitia disketi, akanakili, akamwonyesha jina la faili mle ndani. Akatia disketi ya pili, akanakili tena. Alice aliichukua moja, akaitia mfukoni mwa sweta.

"Bado nimekukasirikia," alisema akiwa mlangoni.

"Najua."

"Lakini kesho nitapita njia panda."

Siku mbili kabla ya wageni kuja, Mwalimu Ireri aliwaita wote wakaizunguka kompyuta. "Ruguru," alisema, "tuandikie ile skripti tena."

Ruguru aliona aibu, lakini aliketi. Kwanza alinakili folda nzima kwa amri ya "cp" ili kuwe na nyingine pembeni. Kisha akaandika mistari yake, ila safari hii kila hadithi ilibaki na jina la mwenyewe nyuma ya neno "hadithi":

for f in *.txt
do
echo mv $f hadithi-$f
done

"Kwa nini umeweka 'echo'?" Mwalimu aliuliza.

"Ili isifanye kwanza. Iniambie tu itakachofanya, nisome, nione kama ndicho nilichotaka."

Akaiendesha. Majina yakateremka kwenye skrini, kila moja kwa mstari wake, na hakuna mawili yaliyofanana. Walisoma wote pamoja kwa sauti. Mwalimu alipoitikia kwa kichwa, Ruguru akaliondoa neno "echo", akaendesha tena, akaandika "ls". Hadithi zote kumi zilikuwepo. Kathuri alianza kupiga makofi, na wengine wakamfuata.

Siku ya Wazazi jua lilitoka, jambo la nadra mwezi huo. Printa ilikuwa imekwaruza usiku na mchana na vitabu vikatosha. Alice alisimama mbele ya wazazi akasoma hadithi yake kwa sauti iliyoanza kwa kutetemeka kisha ikatulia. Ednah, ambaye mama ya Alice alikuwa dada yake mkubwa, alijifuta machozi kwa ncha ya leso, akamwambia mama yake Ruguru aliyeketi kando yake kwamba alikuwa hajasikia habari za mluzi ule tangu walipokuwa wasichana.

Wageni walipokuwa wakinywa soda, Ednah alimwita Ruguru kando. Ruguru alimwamkia na kuinamisha kichwa.

"Tata Ednah, nisamehe," alisema, akitumia neno la nyumbani la kumwita mama mdogo, kama watoto wote wa mtaa walivyomwita.

"Alice ameniambia yote, mabaya na mazuri," Ednah alijibu, akamrekebishia kola ya sare. "Nataka nakala moja zaidi. Nyanya yake kule Siakago hajui kusoma. Nitaenda kumsomea mwenyewe."

Mwalimu Ireri, aliyekuwa amesimama karibu, alingoja Ednah aondoke. Kisha akawaita Ruguru na Alice na wenzao waliokuwa wamejazana mlangoni pa chumba cha kompyuta.

"Nisikilizeni kabla hamjaenda nyumbani," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Mashine hizi hufuata mnachoziambia, hata kama mmekosea. Hazina uwezo wa kuwasitisha wala kuwahurumia. Ndiyo maana kabla ya kutoa amri unafikiri, unanakili, na unajaribu kwanza. Hilo ni somo la kompyuta, na mtalijibu kwenye mtihani. Lakini lipo la pili ambalo sitawatahini. Ruguru alipokosea, hasara ilikuwa ya hadithi. Alipoficha, hasara ikawa ya watu. Mimi nilipoteza imani na mashine zangu, shule ilikaribia kupoteza chumba, na Alice alipoteza rafiki alipomhitaji kuliko wakati wowote. Kukosea kutawapata nyote, na mimi pia. Mkikosea, semeni mapema, wakati bado kuna kitu cha kutengeneza. Ukweli ulisemwa siku kadhaa baadaye, na bado ulitosha. Ungesemwa siku ile ile, kuna mtu asingelia."

Ruguru alihisi machozi yakimlengalenga, lakini hayakuwa ya aibu tena.

Mama yake alimwita kutoka langoni kwamba ni wakati wa kwenda kukamua ng'ombe. Ruguru alichukua kitabu chake akaanza kuondoka. Alice alimfuata hatua chache nyuma, akiwa amebeba nakala ya nyanya yake kifuani. Walipofika barabarani, Ruguru alipunguza mwendo bila kugeuka, mpaka Alice akamfikia.